Kichwa cha Cherehani

Kama kuna mtu anadhani kurithi ni raha, aje nimwonyeshe miguu yangu. Wengine hurithi shamba, wengine ng'ombe. Mimi, Apondi, nilirithi cherehani ya kukanyaga yenye umri mkubwa kuliko baba yangu, na niliirithi pamoja na mwenyewe, akiwa hai.

Mwenyewe ni Mama Ajwang, mama ya mume wangu Nashon. Mwaka wa tisini na saba presha ilimpiga huko kwao Seme, upande mmoja wa mwili ukafa. Tulipoenda kumchukua tuje naye Kitengela, alikataa kuingia kwenye gari hadi cherehani itolewe nje. Ikatolewa. Mbele ya mashemeji na mashangazi wote akaushika mkono wangu kwa ule mkono wake mzima, akauweka juu ya gurudumu.

"Hii nilipewa na mama mkwe wangu, naye alipewa na misheni enzi za mkoloni," akasema. "Sasa ni yako, Nyar Gem. Haiuzwi. Haiazimwi. Na mchana haikai kimya, ila mtu amekufa."

Kwetu mke huitwa kwa jina la kule alikozaliwa, na mimi ni wa Gem. Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjinga mimi, nikapiga pia.

Sikuwa nimeelewa. Cherehani za aina ile zina bawaba, kichwa chake hulala ndani ya meza, na watu wengine hukilaza kila jioni ili vumbi lisiingie. Kwa ukoo wa Nashon ni mwiko. Kichwa kinalazwa siku ya msiba peke yake. Mtu akifa pale nyumbani, mwenye cherehani anakilaza, anaifunika kwa kitambaa, na hakiinuliwi mpaka matanga yaishe. Anayepita akiona imelala hana haja ya kuuliza, anaanza kulia papo hapo.

Basi tukaja nayo Kitengela, kwenye vyumba vyetu viwili vya kukodi nyuma ya soko. Huko Seme Mama hangekubali kulala kwa nyumba ya mwanawe, ni mwiko, hata umpige viboko. Lakini hii ni ploti ya mtu, akasema, si boma, kwa hivyo haihesabiki. Akapewa chumba cha ndani. Cherehani ikawekwa chumba cha mbele, na katikati hakukuwa na mlango, ni pazia tu.

Hapo ndipo nilipoingia jela.

Nikiinuka kwenda kununua sukuma wiki, nasikia kutoka nyuma ya pazia, "Nyar Gem! Nani amekufa?"

Nikienda choo, "Nani amekufa?"

Nikisimama tu kunyoosha mgongo, jameni, mgongo wangu mwenyewe, "Nyar Gem, mbona kimya? Nani amekufa?" Na usipojibu haraka anaanza kupiga nduru, "Uwiii! Nimekwisha, na hawataki kuniambia!" Siku ya kwanza ploti nzima ilikuja mbio, mpaka mke wa landilodi akiwa na povu la sabuni mikononi. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku na Jumapili ndipo tu aliponiruhusu kupumua. Siku zingine nilishona: sketi za shule, mapazia, pindo za shuka za akina mama wa Kimaasai. Zikiisha, nashona vitambaa nilivyokwisha kushona.

Sasa sikiliza. Kabla ya haya yote nilikuwa nafundisha chekechea ya kanisa, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu huko mjini Kajiado. Mafunzo yenyewe yalikuwa wakati wa likizo za shule, na mwisho wake ni mtihani na cheti. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia wazi kwamba atanishikia kiti changu mpaka nimalize, lakini bila cheti atapewa mwingine. Nilikipenda kile kiti. Nilipenda watoto wakiniita ticha, nilipenda kutoka asubuhi nimepaka mafuta na kubeba mkoba wangu. Nikamwambia Nashon.

"Na nani atashinda na Mama?" akauliza, akivua viatu vilivyojaa vumbi la simiti. Alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River, anatoka gizani na kurudi gizani.

"Tutafute msichana wa kazi."

"Apondi, cherehani ulipewa wewe. Mbele ya watu. Hiyo kitu ndiyo ilinisomesha mimi. Unataka nimwambie Mama imeshikwa na mtu baki?"

"Na mimi nitakaa hapo mpaka lini?"

Akaviweka viatu kando. Na angejibu nini? Jibu lilikuwa limelala nyuma ya pazia, na sote wawili tuliliogopa. Usiku ule nilimchukia Mama Ajwang, nasema ukweli, na nikamchukia Nashon, na nikaichukia ile chuma yenye maua ya dhahabu yaliyofutika.

Aliyeniokoa ni Nalotuesha. Alikuwa anatuletea maziwa, mama mrefu mwenye kucheka kwa sauti, na kila asubuhi tulisalimiana Kimaasai, yeye "Takwenya," mimi "Iko," kwa sababu hayo ndiyo niliyojua. Siku moja alinikuta nalia huku nakanyaga. Nililia kimya, miguu ikiendelea.

"Mama Lorine, ni nini?" akaninong'oneza. Lorine ni binti yangu, na likizo zote nilikuwa nampeleka kwa dada yangu huko Nkoroi.

Nikamweleza, nikinong'ona pia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama cherehani, akaitazama miguu yangu.

"Kwani anataka kushonewa, ama anataka kelele?"

"Anataka kelele."

"Kelele hata mimi niko nayo."

Nikautoa uzi kwenye cherehani, kwa sababu hakujua kushona na niliogopa angeharibu nguo za wateja. Nikamwekea kipande cha gunia chini ya sindano. Akavua viatu, akakaa, akaanza kukanyaga. Mimi huyo, mkoba kwapani, mpaka barabara ya Namanga kutafuta gari la Kajiado. Nilifika darasani nikihema, na nilipokaa kwenye dawati sikuamini kwamba chini ya miguu yangu hakukuwa na kitu cha kukanyaga.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kila likizo. Asubuhi nilimwosha Mama, nikambadilisha, nikamwachia uji kwenye thamosi na ndoo karibu na mkono wake mzima. Nalotuesha alikanyaga na kunyonyesha mtoto wake papo hapo, akakanyaga na kuimba nyimbo za kanisa kwa pua, chini chini. Nikirudi namshonea gauni, yeye na watoto wake wote, na akawa mtu wa kupendeza kuliko wote pale sokoni. Nyuma ya pazia, kimya. Hakuna hata "nani amekufa." Nikadhani nimemweza mzee.

Ikaja Agosti ya mwaka elfu mbili, mwaka ule wa kiangazi kikali, na siku ya mtihani wa mwisho. Sare yangu nilikuwa nimeipiga pasi tangu jana yake. Nalotuesha akafika mapema kuliko kawaida, bila maziwa, shuka imefungwa kwa safari.

"Mama Lorine, leo siwezi. Ng'ombe zimelala chini huko mbele ya Mashuuru na mzee ameniita. Zikikaa hivyo mpaka jioni haziinuki tena."

Ningesema nini? Ng'ombe ni ng'ombe. Nikamwambia aende na Mungu, nikakaa kwenye kile kiti nikiwa na sare yangu mpya, nikaanza kukanyaga. Nilikanyaga na nikatazama mlango. Nilisikia magari ya Kajiado yakipiga honi barabarani. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba nitazeekea hapo, kwamba siku moja nitalala nyuma ya pazia na kumuuliza mke wa mtu nani amekufa. Miguu ikasimama yenyewe.

Nikangoja swali. Halikuja.

"Nyar Gem," Mama akaita polepole. "Yule wa mguu mzito hajakuja leo?"

Nikafunua pazia. Alikuwa amelala chali, macho kwa mabati.

"Yupi, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Anakanyaga moja kwa moja kama lori la Namanga. Hiyo ni nguo gani haina kona? Na uzi hakuna. Bila uzi cherehani husikika kavu. Nimejua tangu siku ile ya kwanza."

Badala ya kuona haya nilipandwa na hasira, hasira ya miaka mitatu, ikanijia yote pamoja. "Na mbona hukusema? Mbona mimi nikienda choo tu unaniulizia maiti, na yeye akanyage gunia mchana kutwa unyamaze?"

"Ningesema, si ungerudi ukakaa?"

Nikaingia ndani, nikasimama kando ya kitanda chake.

"Mimi nilikuwa naulizwa hivyo hivyo," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa kipofu, akiketi mlangoni. 'Nani amekufa, Ajwang?' Nikazoea. Wewe ulipokuja, mdomo wangu ukawa unasema wenyewe." Akaupangusa mdomo kwa mkono wake mzima. "Nilizaa mtoto wangu wa pili, akafariki kabla hajatembea. Kichwa kikalazwa. Nililia, Nyar Gem, nililia mpaka sauti ikaisha. Lakini miguu yangu ilifurahi. Mtoto wangu ako kwa mkeka, na miguu inafurahi kupumzika. Hilo sijawahi kumwambia mtu."

Nikakaa chini kwenye simiti na sare yangu. Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumpigia kelele, na sikufanya lolote kati ya hayo.

"Ni siku ya nini leo?" akauliza. "Umepiga pasi tangu jana."

"Ya mtihani. Ya mwisho."

"Basi nenda. Laza kichwa."

"Mama! Hakuna aliyekufa."

"Kikiwa kimesimama nitangoja sauti yake mchana kutwa, na nitapiga nduru hata nisipotaka, najijua. Kikilala, moyo wangu utajua kazi imeisha. Laza, uniachie uji. Kwani nitatoroka niende wapi?"

Nilitoa mkanda, nikakishika kichwa na kukishusha taratibu ndani ya meza. Bawaba zikalia. Nikaifunika kwa leso yangu ya kanisa kama nilivyoambiwa hufanywa, kisha nikatoka mbio nikiogopa kugeuka nyuma.

Kajiado niliimba na watoto walioletwa kwa ajili ya mtihani, nikachora tembo ubaoni, nikajibu maswali yote. Mwalimu wetu, Bwana Muteti, alinishika mkono akasema cheti changu hakina wasiwasi. Nilicheka kidogo tu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ile leso. Je, nimemwua? Je, mtu akikiona?

Na mtu alikuwa amekiona. Umeme ulikuwa umepotea huko Athi River, wafanyakazi wakaachiliwa mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Nashon aajiriwe. Nilipoingia kwenye ploti saa kumi nikakuta viti vimetolewa nje. Mke wa landilodi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Nashon alikuwa amekaa kizingitini, uso ndani ya mikono, akilia kama sijawahi kuona mwanamume mzima akilia. Hakuwa ameingia ndani, na majirani walikuwa wanangoja yeye atangulie. Aliusukuma tu mlango, akaona kichwa kimelala, miguu yake ikakataa.

"Nimechelewa," akaniambia. "Mama ametuacha."

Nikamruka. Nikaipita cherehani, nikalivuta pazia.

Mama Ajwang alikuwa macho. Uji alikuwa ameumaliza. Machozi yalikuwa yanateremka upande ule mmoja wa uso wake unaofanya kazi, na alikuwa ameinua kidole kunizuia nisiseme.

"Mwache kidogo," akaninong'oneza. "Watu walinisikia tu nikikanyaga. Wacha nisikie mtu akinililia."

Nikasimama hapo, mkoba bado begani. Nje Nashon alikuwa anamwita kwa majina, lile la kikwetu na lile la ubatizo. Alikuwa anamwomba msamaha kwa jambo moja ambalo sikulijua na kwa mengine niliyoyajua. Tukamsikiliza, mimi na yeye. Halafu Mama akavuta pumzi, akakusanya nguvu zote alizobakiza, na akaita kwa ile sauti yake iliyonitesa miaka mitatu.

"Nashon! Nani amekufa?"

Nje kiti kikaanguka. Mke wa landilodi akapiga kelele "Yesu!" na nikasikia viatu vya Nashon vikijikwaa kuja ndani. Alifunua pazia akatutazama, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akarudi nyuma hadi kwenye cherehani. Akaishika leso yangu aivute. Nilijua anachotaka: kukiinua kile kichwa haraka, kabla bahati mbaya haijatujua, na kesho asubuhi nikute kinanisubiri.

"Wacha," Mama akamwambia. "Mimi niko. Hicho kichwa usikiinue."

Nashon akabaki amesimama, leso mkononi. Mimi nilivua viatu, nikawasha jiko kupika chai ya wale watu waliokuwa wamekuja kwa msiba.