Kisogo na Ukuta

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe nne Machi 2024, siku msimamizi Fabian alipofuta mazoezi pale kiwandani Kizota, mke wangu Evodia alikokuwa akishona sare.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya muda mfupi tu. Mama mmoja wa hospitali, mtaalamu wa viungo, ndiye aliyewafundisha: wakichoka kuinamia cherehani wasimame, warudishe mabega nyuma, wageuze shingo huku na huku, kisha waegemee ukuta mpaka kisogo kiguse. Evodia alishaanza kulala bila kulalamikia mgongo.

"Hapa tunashona, siyo kwaya," Fabian akawaambia.

"Hata cherehani mnazipaka mafuta, bosi," Evodia akamjibu.

"Cherehani tumenunua."

Wenzake wakacheka, wakakaa. Shule sina, lakini kicheko cha woga nakijua.

Shingo yake ikakauka. Ukimwita, anageuka mwili mzima, kama aliyejitwisha ndoo. Novemba, akivuka barabara hapa Nzuguni, lori likamjia kutoka kulia. Polisi wakaandika kwamba marehemu hakutazama. Angetazama kwa shingo ipi? Wenye kiwanda wakaleta mchele na shada la maua, wakaona yameisha.

Sasa kiti chake kakikalia binti yetu, Lydia. Nilimkataza, ila kazi nyingine iko wapi? Basi kila jioni namsimamisha ukutani: visigino, mabega, kisogo.

"Baba, unanipima kama fremu ya mlango!"

"Tulia. Vuta kidevu ndani."

Mwanzoni kisogo kiligusa. Baada ya Pasaka kidole changu kikapenya katikati. Wiki hii kimepenya kiganja. Mazoezi ya jioni hayawezi kufuta kuinama kwa kutwa nzima. Ndiyo maana yule mama alitaka yafanyike palepale kazini. Nimemfuata Fabian nikamwambia. Akanijibu, "Mzee wangu, wewe bado una msiba. Nenda kapumzike."

Leo asubuhi Lydia katoka, nami nikabaki mlangoni namtazama akielekea barabara ileile. Moyo ukanituma nimwite.

"Lydia!"

Akasimama. Yakageuka mabega, kikafuata kiuno, ikafuata miguu, mpaka akanielekea mwili mzima. Kichwa kilikuwa kimetulia tuli. Akatabasamu.

"Nini tena, baba? Nachelewa."

"Tangu lini huwezi kugeuza shingo, mwanangu?"