Robespierre na Msiba wa Jilala

Mwanamke mgeni alisimama mlangoni mwa darasa, viatu mkononi. Mwalimu Mayala alikuwa akiwasimulia wanafunzi habari za Robespierre wa Mapinduzi ya Ufaransa: wakili aliyekataa rushwa na kupinga adhabu ya kifo, kisha alipopata madaraka akaunga mkono sheria iliyowanyima washtakiwa mtetezi. Maelfu walikatwa vichwa, mwishowe naye.

"Sasa mwalimu, alikuwa mzuri au mbaya?" Loveness aliuliza.

"Wafaransa wenyewe bado wanabishana."

"Samahani," mgeni akasema. "Wewe ndiye Mayala uliyezungumza kwenye mkutano wa sungusungu?"

Mayala akamfuata nje. Mgeni alikuwa Serafina, dada yake Jilala, ametoka Kishapu.

Mwezi uliopita Jilala alituhumiwa mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kuiba viroba vya mawe ya dhahabu. Alipoomba kujitetea, Mayala alisimama akasema kiongozi safi hasikilizi porojo za mwizi. Alipigiwa makofi. Jilala akatengwa: asisalimiwe, asiuziwe chumvi, asipewe hata moto. Atakayekiuka, naye atatengwa.

"Wifi amefariki alfajiri," Serafina alisema. "Kaka anachimba kaburi peke yake."

"Poleni sana, dada."

"Pole haichimbi, mwalimu. Tangu lini mfiwa akachimba kaburi?"

Mayala alishindwa kumtazama. Makofi yale, ambayo siku ile yalimpendeza, sasa yalimwaibisha.

"Vipindi vikiisha nitakuja."

"Hata wenzako wawili wameniambia hivyo."

Jioni alipita nyumbani kuchukua jembe. Mzee Magesa, mtemi, yaani mkuu, wa sungusungu na mwenye nyumba aliyopanga Mayala, alikuwa amekaa uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe siku hizi walimu wanalima jioni?"

"Nakwenda msibani kwa Jilala."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wewe ndiye uliyetufungua macho."

"Nilimziba mdomo, mzee. Wote tulimziba."

"Ukienda, chumbani kwangu usirudi. Na wazazi hawataleta watoto kwako, najua ninachosema."

Mayala aliwaza darasa lake, na Loveness aliyeuliza bila kupewa jibu la wazi. Akaliweka jembe begani.

"Basi nguo zangu nitazifuata kesho," alisema.

"Kesho usinisalimie."

Jilala alikuwa ndani ya shimo, udongo ukimfika kiunoni. Alimwona Mayala, akaendelea kuchimba.

"Kaka Jilala, toka upumzike."

Mayala akavua viatu, akashuka shimoni na kuanza kuchimba upande wa pili.