Aliyevaa Sweta ya Ketill

Dagrún aliingia jikoni kwangu Jumamosi asubuhi bila hata kubisha hodi, akivua viatu huku anatembea, kimoja kikabaki mlangoni, kingine kikaishia chini ya meza. Nilikuwa nakoroga sufu kwenye sufuria kubwa. Nilikuwa naichemsha na kuvumwani zinazoota juu ya mawe, ili nipate ile rangi ya kahawia wanayoipenda watalii, na mtu anayenikatiza nikiwa kwenye rangi huwa simchekei, hata akiwa mtoto wa kaka yangu.

"Shangazi, sweta ya Ketill imepotea."

"Mfumie nyingine. Umekosa mikono?"

"Ketill aliisahau juu ya jiwe la kina Ísleifur siku ya kukusanya kondoo, na sasa haipo."

Nikaweka mwiko chini. Kina Ísleifur ni watu wa mawe. Wanakaa ndani ya jiwe kubwa kwenye malisho ya juu, lile ambalo barabara ilibidi ilizunguke, na katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye ninayewaona na kuwasikia. Si jambo la kujivunia. Ni kama kuwa na pampu pekee ya baiskeli mtaa mzima, watu wanakukumbuka wakiwa na shida tu.

"Wamechukua sweta, basi," nikamwambia. "Wataivaa, wataifua, watairudisha. Ndiyo unalia hivyo?"

"Nilifumia nywele zangu ndani yake."

Hapo nilikaa. Kwetu mwanamke akiufuma unywele wake ndani ya vazi, atakayelivaa amefungwa kwake na haendi popote. Nilikitazama kichwa chake chekundu, nikamuuliza aliweka unywele mmoja au vipi.

"Tatu, Shangazi. Nilitaka uhakika."

Uhakika aliutaka kwa sababu Ketill, mumewe, alikuwa amepata kazi Norwe, kwenye mabwawa ya kufugia samaki, na ndege yake ilikuwa Jumatatu. Kilichomuuma Dagrún hasa si kazi. Ketill hakuwahi kusema "twende." Alisema "nakwenda," akaendelea kupaka siagi kwenye samaki wake mkavu. Kwa hiyo Dagrún alikuwa na siku mbili za kuirudisha ile sweta mgongoni mwa mume wake, ama sivyo anampoteza.

"Ketill anajua habari za nywele?"

"Thubutu! Nimemwambia leo tutembee tu, siku moja nzuri kabla hajaondoka. Tuone maporomoko, tuingie maji moto, na wewe utusimulie habari za watu wa mawe."

"Yaani leo nimekuwa mtembeza wageni."

"Kwa hisani yako, Shangazi. Na ubebe chupa ya kahawa."

Ketill aliendesha gari. Ni mtu mrefu, mpole, anayewaomba kondoo radhi akiwakata sufu. Kama wanaume wengi wa kwetu, hasemi kwamba anawaamini watu wa mawe, lakini sijawahi kumwona akikojoa karibu na jiwe bila kulipigia hodi kwanza. Njia nzima alikuwa anapiga mluzi, na Dagrún, kila mluzi ulipopanda juu, alikuwa anakunja ngumi.

Tulipofika kwenye jiwe, Mama Ísleifur alitoka mikono ikiwa na povu la sabuni, akaniwakia kabla sijamsalimu.

"Hrefna! Afadhali umekuja mwenyewe. Mtoto wangu mmemfanya nini?"

"Habari za asubuhi na wewe."

"Habari gani! Tangu avae hilo lisweta lenu hali, halali. Anachana nywele! Miaka mia nne hajui kitana ni nini, leo ananiuliza kama mashavu yake yamependeza. Ametoka alfajiri kumtafuta huyo mwekundu." Akamnyooshea Dagrún kidevu.

"Anasemaje?" Ketill aliuliza, kofia mkononi.

"Anasema leo hakuna mvua," nikamjibu.

Nikageuka nitazame gari. Ísleifur alikuwa anashuka kutoka juu ya paa. Kumbe tulikuwa tumemsafirisha toka nyumbani kwa Dagrún bila kujua. Nywele alizozichana kwa taabu zilikuwa zimevurugwa na upepo, ndevu zimejaa wadudu, na kifuani sweta ya Ketill, nyeupe, mabega yake yana nakshi ya kahawia ya rangi yangu mwenyewe. Nilikasirika kuona imemkaa vizuri kuliko ilivyomkaa Ketill.

"Vua," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sivui," akasema, macho kwa Dagrún. "Nimeishi ndani ya jiwe toka nizaliwe, Hrefna. Leo ndiyo najua joto ni kitu gani. Mwambie anaitwa mzuri."

"Hatusemi hivyo siku hizi."

"Basi mwambie kwa mnavyosema siku hizi."

Nilimnong'oneza Dagrún kwamba aliyeivaa ni Ísleifur, yuko nyuma yake, karibu kabisa, na kwamba haivui. Alipauka, akaanza kutembea haraka. Ísleifur naye akaongeza mwendo. Basi ndivyo tulivyoizunguka nchi siku ile: Ketill mbele akituonyesha ndege na mawe aliyoyajua toka utotoni, Dagrún akimfuata huku anajikunyata, Ísleifur akimfuata Dagrún, na mimi nyuma ya wote na chupa ya kahawa, natukana kimoyomoyo. Kwenye maporomoko Ketill alisimama muda mrefu akayatazama maji. Ísleifur alisimama pembeni yake, akayatazama pia, kisha akavuta tumbo ndani.

"Huyu ndiye mume?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Mbona ana huzuni na mke anaye?"

Nikaenda zangu. Mtu wa mawe akishaanza maswali hamalizi.

Mchana tulikaa kwenye chemchemi ya maji moto, tukavua soksi, tukatumbukiza miguu. Dagrún alitoa sindano zake akaanza kufuma, maana mikono yake haijui kukaa bure. Upepo ulikuwa mkali, lakini donge lake la uzi halikubingirika wala kujisokota, kwa kuwa Ísleifur alikuwa amelipakata, analifungua taratibu kadiri Dagrún alivyovuta. Nikamimina kahawa, vikombe vinne. Ni mkono wangu ulioniponza, kwa kuwa mkono uliozoea kukaribisha wageni hauhesabu nani anaonekana na nani haonekani.

Ketill alivitazama vikombe. "Hiki cha nani?"

Dagrún akainamia kufuma kwake.

"Shangazi, hiki kikombe cha nani? Toka asubuhi mke wangu anazungumza na bega lake. Pale kwenye daraja amesema 'samahani' na mimi nilikuwa mbali naye."

"Cha Ísleifur," nikasema. Nilikuwa nimechoka, na kahawa ilikuwa inapoa. "Amevaa sweta yako na amempenda mkeo. Amekaa hapo, anamshikia uzi."

Nilidhani atacheka. Ketill alisimama, maji yakimchuruzika miguuni, akakunja mikono ya shati, akakiangalia kipande cha hewa, ambacho hakikuwa chenyewe.

"Kushoto kidogo," nikamwelekeza.

Akasogea kushoto. "We bwana! Huyu ni mke wa mtu!"

"Mwambie hilo nalijua," Ísleifur alisema bila kuinuka. "Mwambie na mimi sikuomba. Nilikuta sweta juu ya paa la nyumba yetu, nikavaa, nikaamka nampenda. Aniambie yeye nilifanya kosa gani."

Nilimtafsiria Ketill, nikiacha kile kipande cha kupenda. Lakini Dagrún alikuwa amekwisha kuinua uso, na machozi yalikuwa yanashuka.

"Ni nywele zangu, Ketill. Nilizifumia ndani. Nilitaka ushindwe kuondoka."

Ketill alishusha mikono. Akakaa tena, akarudisha miguu kwenye maji.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nywele. Niliziona siku ile ile uliyonipa. Nywele tatu nyekundu kwenye sufu nyeupe! Dagrún, kazi yangu ni kutafuta chawa kwenye kondoo, nisizione nywele?"

"Mbona ulikaa kimya?"

"Nilitaka zifanye kazi." Alisema hivyo akiyatazama maji. "Niliivaa mchana, nikalala nayo usiku. Kila nikiamka najiuliza, bado nataka kwenda? Na bado nataka. Nikaona basi, hainishiki, labda itamfaa mwingine. Siku ya kukusanya kondoo nikaiweka juu ya lile jiwe. Sikuisahau, mke wangu. Niliiacha."

Nakiri nilitamani kumpiga Ketill kwa ile chupa, na papo hapo nilitamani kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Dagrún alikuwa ameacha kufuma. Ísleifur alikuwa bado ameshika uzi, amejikunja, ameona aibu kwa ajili yetu wote.

Ketill akakohoa. Akageukia tena hewa, safari hii mahali penyewe.

"Sikiliza, bwana. Asubuhi usimsemeshe kabla hajanywa kahawa. Miguu yake ni barafu mwaka mzima. Akikubandikia usiruke, vumilia, inapata joto. Akisema hajakasirika, amekasirika. Anapofuma akifika mabegani anahesabu kimoyomoyo, usimguse, usimuulize kitu, hata nyumba ikiungua. Na lile jiko la chumba cha nyuma, upepo ukitoka kaskazini linatoa moshi, inabidi ufungue dirisha kidogo, si sana, maana kifua chake hakipendi baridi." Akanigeukia. "Umemwambia?"

"Anakusikia. Wao hutusikia. Sisi ndio hatuwasikii."

Ísleifur alikuwa amesikiliza mdomo wazi, akiitikia kwa kichwa kila jambo, akirudia rudia lile la dirisha asije akalisahau. Kisha akaniuliza:

"Hrefna, mtu anayeyajua yote haya, Norwe anakwenda kutafuta nini?"

Siku nzima nilikuwa nimetafsiri nipendavyo, hapa napunguza, hapa nadanganya kuhusu mvua. Hilo nililisema neno kwa neno.

Ketill alichezesha miguu majini. "Mwambie sijui," akasema mwishowe. "Ndiyo maana nakwenda."

Dagrún alizikunja sindano zake, akazifunga ndani ya kitambaa. Alivaa soksi moja, kisha nyingine, akazivuta hadi magotini.

"Basi nenda," akasema. "Nilikuwa tayari kukaa na mtu aliyefungwa, nikajidai nina mume. Nenda, Ketill. Ila usiniambie utaandika."

"Na sweta?" nikauliza, maana ndiyo iliyotutoa nyumbani. "Ísleifur anasema akiambiwa na Dagrún ataivua."

"Baridi hii?" alisema Dagrún. "Akae nayo."

Tulirudi kwenye gari. Ketill alishika mlango wa nyuma wazi kwa muda, akangoja, akaniangalia. Nilipoitikia kwa kichwa akaufunga taratibu ili asimbane mtu vidole. Alipokaa kwenye usukani akaelekeza joto la gari nyuma.

"Amefunga mkanda?"

"Amefunga."

Jumatatu Ketill aliondoka. Nilikwenda kwa Dagrún jioni na mkate mwembamba na nyama ya kondoo ya moshi, nikamkuta amekaa kitandani na koti, mlango wa nje uko wazi, upepo unaingia. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, na miguu yake niliigusa kwa bahati mbaya, ilikuwa barafu kweli.

"Shangazi," akasema. "Yule mwingine alirudi kwao?"

Nilitazama mlangoni. Ísleifur alikuwa amesimama barazani, kwenye baridi, nywele amezilowesha kwa maji na kuzichana upya, viatu amevivua na kuvipanga pembeni ya ukuta, pale ambapo mpaka asubuhi ile vilikuwa vya Ketill. Ilionekana amesimama hapo siku nzima.

"Hajarudi," nikasema. "Yuko mlangoni. Anangoja umkaribishe."

Dagrún alifuta pua kwa mkono wa koti. Aliutazama ule mlango na hewa iliyokuwa ndani yake, na kwa muda nilidhani atasema afukuzwe.

"Mwambie aingie," akasema, "au afunge mlango. Moja kati ya hayo."

Ísleifur alifanya yote mawili.