Mtu Asipige Namba Hii

Grrr, grrr, juu ya zege la dirisha. Alitoka bafuni mbio, povu machoni, taulo mkononi badala ya kiunoni, akaipapasa simu. Kumbe ni kampuni ya simu, inamtangazia bahati nasibu.

Usaili wa kuandika alipita. Wa mdomo alipita. Karani wa idara ya maji akamwambia, macho yakiwa kwenye kucha zake, "Utapigiwa. Wakikukosa mara moja, wanamwita anayefuata."

Mvua zikaja, zikaondoka. Simu ilikaa dirishani, mahali pekee mtandao uliposhika, naye akakaa chini yake kama kuku anayeatamia. Ndugu wote aliwapiga marufuku: mtu asipige namba hii. Mwenye jambo aje kwa miguu.

Mjomba wake, fundi wa kuchomelea, alikuwa akipita kumchokoza.

"Mheshimiwa, serikali imeamka?"

"Itaamka, mjomba."

"Basi njoo unishikie vyuma wakati inapiga miayo."

"Karakana yako ina kelele. Sitasikia simu."

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku hizi hapiti.

Mchana huo mlango ulisukumwa. Dada yake mdogo, viatu mkononi, vumbi hadi magotini, ametembea kutoka ng'ambo ya mji, anakoishi na mama.

"Mama ameanguka, kaka. Tangu alfajiri. Upande mmoja haunyanyuki."

"Tangu alfajiri? Mbona hukupiga?"

"Nilishika simu, akanikatalia. Akasema nisimzibie mwanawe njia." Aliviweka viatu chini. "Nikangoja mpaka jirani mwenye pikipiki aliporudi. Sasa yuko hospitali. Daktari anasema tumechelewa kumleta."

Alivaa shati vifungo vikiwa mgongoni, akalivua, akalivaa tena, akaitia simu mfukoni.

Wodini, mdomo wa mama ulikuwa umekwenda kando. Alipomwona mwanawe, jicho moja liliangaza, na maneno yakatoka vipande vipande.

"Wame... piga?"

Alitikisa kichwa: bado. Akaushika mkono wa mama, ule uliokuwa bado unashika. Hapo hapo mfukoni, grrr, grrr. Mama alisikia. Alijaribu kuuchomoa mkono wake ili amwachie nafasi ya kupokea.

Hakuuachia. Mfuko ulitetemeka, ukatetemeka, ukanyamaza.

"Mama," alisema, "kuanzia leo wewe piga. Piga usiku, piga mchana, piga hata kama huna la kusema. Nitapokea."