Mguu wa Jacky

Uzi ulikatika tena. Ndanu alivuta kitambaa kutoka chini ya sindano, akatunga upya, akarudisha mguu wa kushoto kwenye kanyagio la cherehani na kusukuma. Gurudumu likaanza kuzunguka kinyumenyume, uzi ukajisokota huko chini, na kabla hajaondoa mguu, ukakatika.

"Mashine hii nayo!" Akaipiga kofi ubavuni.

Mguu wa kulia, uliozoea kazi hiyo, ulikuwa umepumzishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi katikati ya shavu la mguu, ngozi imegeuka rangi ya zambarau. Haukumuuma sana, na hilo ndilo lililomkera. Kitu kisichouma vibaya kingekataaje kazi? Akiuamrisha usukume chini, vidole vilijikunja kidogo, kisigino kikabaki palepale kama si chake.

Kawsar, mwenye duka la vitambaa aliyemwachia Ndanu kibaraza chake pale mtaa wa Umoja, alitokeza kichwa mlangoni.

"Ndanu, wallahi, hizo hijabu za watoto wa duksi, ile madrasa yetu, zinatakiwa Ijumaa. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara ameshakuja kuniuliza kama nimpe yeye."

"Usimpe, Kawsar. Naenda hosi saa hii, wanifunge huu mguu, nirudi."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Jana nilikuwa kwa Mugo."

"Mugo ni daktari?"

Mugo alikuwa mkandaji wa timu yao ya mpira, na hapo mtaani kila aliyeumia mpirani alianzia kwake. Alikuwa na sufuria ya maji moto, chumvi, na vidole vigumu kama koleo. Miguu mingi aliyoikanda ilikuwa imeteguka tu, ikapona, naye akachukua sifa. Ingepona hata angeiimbia.

Mambo yenyewe yalitokea Jumapili, kwenye uwanja wa vumbi wa Kayole, nusu fainali ya kombe la wadi, upande wa wanawake. Ndanu alikuwa winga wa kulia. Mpira ulirushwa mbele yake, akajisukuma kwa vidole ili aukimbilie, akasikia mlio kama ubao uliovunjika, na kitu kikamgonga nyuma ya kisigino. Akageuka na ngumi juu.

"Nani amenipiga?"

Beki ambaye Ndanu alitaka kumrukia alikuwa mbali, amesimama akimshangaa. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Watu wakacheka, naye akaketi chini. Mugo akaja mbio na sufuria yake, akakanda, akavuta, kisha akamwamuru aruke ruke ili damu ishuke. Ndanu akaruka. Kesho yake akakandwa tena, akaruka tena.

Sasa alipanda bodaboda, mguu ukining'inia kando, hadi hospitali. Daktari wa zamu aliitwa Maingi, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimlaza kifudifudi, nyayo zikatokeza nje ya kitanda, akabana shavu la mguu wa kushoto. Wayo ukainama wenyewe. Akabana la kulia. Wayo ukaning'inia vilevile.

"Umeona?"

"Daktari, nimelala kifudifudi, nitaona na nini?"

Maingi akacheka, akauchukua mkono wake na kukipeleka kidole chake nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Ndanu akagusa. Mahali palipopaswa kuwa na kitu kigumu kama kamba palikuwa na bonde, kidole kikazama.

"Kisigino kinavutwa na hii misuli ya juu kupitia kano moja nene. Hilo kano lako limekatika."

"Si kuteguka?"

"Kuteguka ni kando ya kifundo, mtu akikunja mguu vibaya. Hii ni nyuma. Ulisikia kama umepigwa teke?"

"Nilitaka kumchapa msichana wa watu."

"Wote husema hivyo. Nani alikuambia uutembelee?"

"Niliambiwa niruke."

Maingi alifumba macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akamweleza: plasta leo, wayo ukiwa umeelekezwa chini ili ncha mbili za kano zikaribiane, halafu amwone daktari wa upasuaji aamue. Akikawia, ncha zingezidi kuachana.

"Nitakanyaga cherehani?"

"Ukitibiwa, utakanyaga."

"Na nisipotibiwa?"

"Utatembea, lakini kwa kuchechemea. Kusukuma kitu kwa vidole, huo mguu hautakuwa na nguvu." Akavua glavu. "Uko na bima?"

"Ya kombe."

Siku ya kufungua mashindano, mheshimiwa aliyedhamini kombe alisimama juu ya gari na kutangaza kwamba kila mchezaji mwenye kadi akiumia atatibiwa bure katika hospitali hiyohiyo, na wote walipiga makofi. Ndanu alipiga kuliko wengi, maana bima yake ya serikali ilikuwa imelala siku nyingi bila kulipiwa, kama ya nusu ya mtaa.

Kwenye dirisha la bima, karani alinyoosha mkono bila kuinua macho. Ndanu akampa kadi. Ilikuwa na picha ya msichana mwenye rasta.

"Jina?"

"Jacky."

"Weka kidole hapa."

Aliweka. Mashine ikalia mlio mkali. Karani sasa akainua macho.

"Huyu si wewe."

Na kweli hakuwa yeye. Jacky alijiandikisha mwanzoni, kisha akaacha mpira, na mwenyekiti wa timu, Muturi, waliyemwita Chea, akamletea Ndanu jezi ya Jacky pamoja na kadi yake. Ndivyo ilivyofanyika. Kila timu ilikuwa na mamluki wake. Refa aliangalia picha, akaangalia uso, kisha akaangalia mawingu na kupuliza filimbi. Hakuna aliyewahi kufikiria mguu ungeenda hospitali kwa jina la nani.

Ndanu akampigia Muturi simu. Alifika na Jacky mwenyewe, wote juu ya bodaboda moja, Muturi amevaa tracksuit safi kama anayekwenda kupigwa picha.

"Tulia," alisema. "Nimekuletea mwenye kidole. Jacky aweke, wewe ufungwe mguu. Dakika mbili tumemaliza."

"Chea, si ubadilishe tu jina? Waambie ni mimi nilicheza."

"Niwaambie?" Muturi akashusha sauti, akamsogelea. "Tukisema tulichezesha mamluki, fainali tumetolewa. Unataka kuwaangusha wasichana wote juu ya kisigino kimoja?"

"Ni kisigino changu, Chea."

"Na nani anakukatalia? Si ndio tunakutibu?"

Jacky alikuwa amesimama nyuma yake, akitafuna ukosi wa jaketi. Ndanu alimfahamu tangu utotoni, akajua ana neno.

"Sema, Jacky. Nini?"

"Ndanu, unajua niliacha mpira juu ya ile kazi ya Qatar. Medical ya kupimwa afya nimepita juzi tu. Yule jamaa wa ajenti alisema hawataki mtu ana historia ya mguu, ya mgongo, ya kitu chochote. Kazi ni kusimama." Akamgeukia karani. "Madam, nikiweka kidole, hii inaandikwa wapi?"

"Kwa jina lako."

"Operesheni pia?"

"Kila kitu. Umeumia, umefungwa plasta, umepasuliwa. Popote watakapokutafuta wataona ni wewe."

"Lakini mimi sijaumia."

"Basi ulikuja kufanya nini hapa?" Karani alianza kupoteza subira, na foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika.

"Jacky, weka kidole," Muturi akasema akiuma meno. "Nani wa Qatar atakuja kusoma kompyuta ya huku?"

"Si uweke chako, Chea?"

"Mimi si mchezaji!"

Jacky akamtazama Ndanu, akautazama ule mguu wa zambarau, kisha akanyoosha mkono. Kidole kikafika juu ya kile kioo cha mashine. Ndanu alitamani kiteremke. Aseme nini? Alitaka kano lake. Aliyaona yale marundo ya hijabu zisizoshonwa, akamwona fundi wa ng'ambo akiyabeba, na kwa sekunde moja akataka kuushika mkono wa Jacky mwenyewe na kuubandika pale. Jacky alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka.

"Toa mkono," Ndanu akasema.

"Nitaweka tu, Ndanu."

"Nimesema toa! Unalia ndio nini? Enda Qatar." Akamgeukia karani. "Naitwa Ndanu. Huu mguu ni wangu. Niliumia nikichezea timu ya huyu baba hapa, kwa kombe la mheshimiwa, watu wote wakiangalia."

"Ndanu!" Muturi akang'aka.

Karani akaandika kwenye kompyuta. Akasubiri. "Ndanu hayuko kwenye kombe."

"Najua."

"Basi siwezi kukupitisha. Labda ulipe mwenyewe dirisha lile lingine." Akageuza macho. "Na huyu Jacky?"

"Jacky ni mzima, si unamwona?"

"Kwa hivyo mgonjwa wa kombe hakuna."

Muturi alijifuta jasho, na uso wake ukalegea kwa nafuu ambayo hata hakujisumbua kuificha. Lile jina jipya halikuandikwa popote. Fainali ilikuwa salama.

"Ndio, madam, hakuna mgonjwa. Ilikuwa tu kutoelewana. Asante sana." Akamgusa Ndanu begani. "Jipe moyo, tutaona baada ya Jumapili. Mwambie Mugo akukande." Akaondoka akiangalia saa.

Jacky hakuondoka naye. Alimshika Ndanu mkono hadi kwenye benchi, wakaketi. Korido ilikuwa nyembamba. Ndanu akaunyoosha mguu wake wote, ukakata njia kutoka benchi hadi karibu ukuta wa pili. Mama mwenye mtoto akauruka. Mwanamume mwenye bahasha ya picha za eksirei akausonya, akauruka pia. Askari wa mlangoni akaja na rungu lake.

"Dada, toa mguu hapo njiani."

"Mguu upi?"

"Si huo!"

"Kaulize pale dirishani," Ndanu akasema, na sauti yake ikasikika korido nzima. "Watakuambia haupo."

Askari akageuka kulitazama dirisha. Karani akainamisha kichwa, akaita mtu anayefuata. Watu kwenye foleni walikuwa wameacha kunung'unika, wanautazama ule mguu. Askari akasimama hapo kidogo, rungu mkononi, kisha akavuta suruali juu ya magoti na kuuruka.