Meno Sita ya Trekta la Mwongozo

Jumanne moja ya Septemba 1974, fundi Mfaume alishuka stesheni ya Goweko akiwa na mashine yake ya kuchomelea, vipande sita vya springi za lori, na chaki mfukoni. Mkokoteni wa ng'ombe ulimfikisha Mwongozo, kijiji ambacho watu walikuwa wamehamishiwa miezi mitatu nyuma na ambacho hakikuwa na maji. Trekta dogo la kijiji lilisimama mahali palipopimwa kuchimbwa lambo. Bakuli lake la mbele lilikuwa na ukingo laini, unaofaa kuzoa mchanga. Kwenye ardhi ile nyekundu na ngumu liliteleza tu, na likilazimishwa, magurudumu ya mbele yaliinuka hewani.

“Linalamba,” alisema Kornel, dereva. “Kutwa nzima linalamba kama mbuzi aliyeona chumvi.”

“Litatafuna,” alisema Mfaume.

Alikwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Akanyoosha uzi, akaweka alama za chaki kwa nafasi zilizo sawa. Akaupasha ukingo moto kwanza, kisha akavichomelea vile vipande vya springi viwe meno, kila jino juu na chini, na mwisho akayafunika yote kwa majivu ili yapoe taratibu. Shilinde, mwenyekiti wa kijiji, aliuliza kwa nini asiyamwagie maji kazi iishe. Mfaume akamweleza kwamba maji hupasua chuma cha moto, na isitoshe, maji yenyewe hayapo.

Kesho yake trekta liling'ata. Ilipofika saa nne asubuhi, bakuli liliinuka na mtu. Alikuwa amesimama ndani yake kama abiria, udongo mwekundu kichwani, pembe ya ndovu begani. Kornel alimshusha polepole, akarudi kuchimba. Hadi adhuhuri walikuwa wametoka thelathini na mmoja, wapagazi wa misafara ya zamani, ambayo njia yake ya kwenda pwani ilipita papo hapo. Walijipanga mstari kando ya shimo, kila mmoja na mzigo wake, wakangoja.

Getruda, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na shimo, aliwasalimu kwa Kinyamwezi na kuwapelekea maji aliyoyachota mwendo wa saa mbili.

“Tueni basi mnywe,” aliwaambia.

Walikataa kwa adabu. Kirangozi wao, kiongozi wa msafara, alikuwa bado ardhini, na mpagazi hatui mzigo kabla kirangozi hajatua wa kwake.

“Mmesimama hivyo miaka mingapi?”

“Tulikuwa tumelala, mama. Kusimama tumeanza leo.”

“Mmelala na mizigo?”

“Na mizigo.”

Shilinde alileta daftari la wakazi, kwa kuwa mtu hakuruhusiwa kukaa kijijini bila kuandikishwa. Alianza na yule wa kwanza.

“Jina?”

“Mabruki wa Kwihara.”

“Familia?”

“Mke wangu Zamda. Nilimwacha mjamzito.”

Mfaume, aliyekuwa akikaza boliti za bakuli, aliweka spana chini. Zamda alikuwa bibi yake, na mimba ile ndiyo iliyomzaa baba yake. Alijifuta mikono, akaenda. Mpagazi alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Mfaume alikuwa na hamsini na minane, na mvi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umezeeka hivi?”

“Kazi, babu.”

“Zamda alinisubiri?”

“Miaka arobaini. Kila aliposikia msafara umerudi, alitoka njiani kuangalia nyuso.”

Mabruki aliisogeza pembe begani. Shingo yake ilikuwa imepinda upande, na chini ya ile pembe ngozi ya bega ilikuwa imeota sugu kama kisigino. Mfaume aliuliza kama bega linauma. Mabruki alijibu kwamba bega halina habari tena, ni shingo. Mfaume akaamua kwamba hataondoka Mwongozo kabla babu yake hajatua.

Jioni ile Shilinde alisema kina kimetosha, na meno mawili yameshavunjika. Mfaume alichukua mtaimbo wake mwenyewe, aliorithi kwa baba yake, akaukata vipande viwili na kuvichomelea palipokuwa na mapengo.

“Fundi,” alisema Kornel, “usije ukang'oa na ya kwako ukatupachikia.”

“Yangekuwa ya chuma ningekwishayang'oa.”

Alhamisi mchana meno ya mtaimbo yalimleta juu kirangozi, manyoya ya mbuni kichwani na ngoma ndogo kiunoni. Aliutazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akatua mzigo wake. Wale thelathini na mmoja wakatua ya kwao. Mabruki alijaribu kunyoosha shingo, ikagoma. Mfaume alimketisha kwenye gogo, akamkanda kwa mafuta ya karanga ya Getruda.

“Jumamosi tunapanda treni,” alimwambia. “Nitakulaza Kwihara, pembeni ya bibi.”

“Hiyo treni inabebwa na nani?”

“Inajibeba.”

Mabruki alicheka mpaka akashika shingo.

Alikuwa bado anacheka Shilinde alipofika na barua kutoka mjini. Kaya arobaini za kitongoji cha Isenga zilitakiwa ziwe zimeshahamia Mwongozo kabla ya Jumamosi. Lori la kuhamishia vitu halikuwa na matairi. Trekta, kwa kuwa sasa lina meno, lingeangusha nyumba ili watu wasirudi.

“Na maji, mwenyekiti?” aliuliza Getruda. “Kaya arobaini, na shimo kavu?”

“Mvua zitanyesha, mama.”

Shilinde hakuwa mtu mbaya. Na yeye nyumba yake ya zamani ilikuwa imechomwa, na alikuwa amesimama akiiandika kwenye daftari. Alimwendea kirangozi, akamwomba vijana wa kubeba vyombo vya Isenga.

“Mwenye safari ni nani?” aliuliza kirangozi.

“Taifa.”

Kirangozi hakumfahamu mtu huyo, lakini hata mwenye zile pembe hakuwahi kumwona. Alikaza kamba ya ngoma, akakubali.

Ijumaa asubuhi, kule Isenga, Kornel aliinua bakuli na kulishusha kwenye ukuta wa kwanza. Meno yalishika vizuri. Hakuna lililolegea, na Mfaume, aliyefika kwa miguu, aliliona hilo hata kama hakutaka kuliona. Wanawake walitoa vyombo nje bila kelele. Kirangozi alijitwika kinu. Mabruki alijitwika mlango.

“Weka chini, babu,” alisema Mfaume. “Umeshamaliza safari yako.”

“Kirangozi amebeba.”

Mfaume alikimbia hadi mbele ya mstari, akamsihi kirangozi atue, japo kwa kitambo kidogo. Kirangozi alimsikiliza hadi mwisho.

“Nikitua,” alisema, “na wao watatua. Wenye vitu hivi watalala wapi leo?”

Mfaume aligeuka. Nyumba ya tatu ilikuwa ikianguka. Ngoma ililia, mstari ukaanza kwenda. Akarudi kwa babu yake, akatembea sambamba naye, akaishika kona moja ya mlango na kuiinua ili shingo ile ipate nafuu. Walienda hivyo hatua kama mia.

“Achia, mjukuu wangu,” alisema Mabruki. “Unanivuruga mwendo.”

Mfaume akaachia.