Garantii ya Miaka Miwili

Je, wewe umewahi kuketi mahali watu wanakadiria siku zako zilizobaki, nawe upo papo hapo, unawasikia, huku wakipitishiana sahani ya zabibu juu ya magoti yako? Kama hujawahi, mshukuru Mola wako, kisha umtazame Bi Mwanne binti Shaaban siku ya Idd pili, sebuleni kwake Makole, mjini Dodoma. Wamemvika kanga mpya yenye ukakamavu wa dukani. Wamembana kwa mito miwili, mmoja huku na mmoja huku, asije akalalia upande. Mdomo wake umevutwa kushoto, na chini ya pembe ya mdomo huo wamemtandikia kitambaa cha kupokea mate. Mbele yake, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, zimesimama mashine mbili za kusagia vyakula, ndefu, nzito, zenye majagi manene; na wanawe watatu wanabishana wanunue ipi.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Tangu kiharusi kilipompiga mwaka uliopita, koo la Bi Mwanne halikukubali tena punje. Daktari alisema kila atakachokula kisagwe hadi kiwe kama uji wa mtoto mchanga, la sivyo kitapotea njia na kumziba pumzi. Stara, kitinda mimba wake, alitwanga, akaponda, akachuja kwa chujio la chai, kisha akachuja tena kwa kitambaa. Walinunua blenda ndogo, ile ya kusagia maembe. Siku ya nne ilikutana na nyama ikaungua, nyumba ikanuka mpira. Mwezi mmoja kabla ya Idd, Bi Mwanne alipaliwa na kipande cha mchicha kisichofika ukubwa wa ukucha. Uso ukamwiva kama zambarau, na Stara akampiga mgongoni hadi mkono wake mwenyewe ukavimba. Ndipo ndugu walipokubaliana kwamba inatakiwa mashine ya nguvu, ya kihoteli.

Miaka kumi nyuma ubishi wa namna hii usingekuwapo. Watu walishinda foleni kutwa nzima kwa mche mmoja wa sabuni, na aliyeupata hakuuliza rangi. Sasa milango ya biashara ilikuwa wazi. Abdulnasiri, mwana wa kwanza, aliyepunguzwa kazi kwenye duka la serikali la ugawaji, alikuwa na duka lake mwenyewe karibu na soko, limejaa pasi, redio na feni kutoka Dubai. Watu walikuwa wamejifunza kuchagua, na walichagua kwa hasira, kana kwamba wanailipiza kisasi miaka ile.

“Hii,” alisema Abdulnasiri, akiipiga kofi mashine ya kushoto kama mtu anayeuza punda, “msiniitie chakavu. Imekaa hotelini mwaka mmoja tu, ikarudishwa kwa mafundi, ikabadilishwa mota, ikafungwa visu vipya. Inasaga barafu. Inasaga mfupa wa kuku!”

“Na garantii?” aliuliza Sabiha. Huyu ndiye mwana wa pili, mke wa ofisa wa serikali, mwanamke ambaye marashi yake yalipiga hodi kabla yake.

“Miezi sita.”

“Na ile mpya?”

“Miaka miwili. Lakini Sabiha, tuwe wakweli.” Akamtupia mama yake jicho, jicho fupi, la mtu anayetazama saa ya ukutani. “Miaka miwili ya nini? Nani wa kuitumia miaka miwili?”

Hakuna aliyeshtuka. Stara alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, na vikombe havikugongana.

“Daktari hakutaja miezi,” alisema Sabiha.

“Daktari alisema tujiandae. Mtu hujiandaa miaka miwili? Hata harusi haiandaliwi hivyo.”

Sabiha akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. “Wallahi kaka, una mdomo wewe! Na akifika Ramadhani ijayo je? Mashine yako imeshakufa, garantii imeshakwisha, utamtafunia kwa meno yako?”

“Akifika Ramadhani ijayo namnunulia kiwanda.”

Wakacheka wote wawili. Kisha Sabiha, kwa kuwa alipenda kuonekana ana huruma, akainama sikioni pa mama yake akapaza sauti kama anayeita mtu ng’ambo ya korongo: “MAMA! ZABIBU ZA HOMBOLO HIZI! TAMU!” Akasubiri kidogo, akajijibu mwenyewe, “Haya, hataki,” akaitupia zabibu kinywani mwake.

Bi Mwanne alisikia yote. Alisikia hata mbegu ya zabibu ikipasuka kati ya magego ya binti yake. Akili haikuwa imemtoka wakati wowote. Kilichomtoka ni sauti, nayo ilikwisha kumrudia. Ilimrudia mwezi wa tatu wa maradhi, asubuhi moja Stara akiwa uani anafua. Alijaribu kusema “maji,” na maji yakasemeka. Moyo ulimruka. Akajipanga kuwashtua wanawe siku watakapokuja kumjulia hali. Akaliandaa neno, akalirudiarudia kimoyomoyo kama mwali anayefundwa kupokea wageni. Walipokuja, kabla hajafungua kinywa, akamsikia Sabiha barazani akisema, “Mama tulishamzika, hiki kilichobaki ni kazi tu.” Basi akalimeza lile neno. Akalimeza tena siku ya pili, na ya tatu.

Na kimya, ukikizoea, kina utamu wake. Mbele yake watu walivua nyuso zao kama wanavyovua viatu mlangoni. Alijua Abdulnasiri ana nyumba ya pili kule Mvumi, anayomficha mkewe. Alijua Sabiha hapendwi na mumewe, na kwamba hulia chooni kisha hutoka amejipaka poda. Mchana kutwa aliketi na siri zao mapajani kama paka. Kitu kimoja tu hakukipekua sana: kwamba miezi hiyo yote Stara alimwosha, alimgeuza, alimbeba, naye hakumwambia hata ahsante. Aliona ahsante ingemharibia mchezo. Halafu huyu wa kwangu, alijiambia, hahitaji ahsante, huyu ananipenda.

“Na wewe, Stara?” Abdulnasiri alikuwa anauliza. “Mtumiaji ni wewe.”

Bi Mwanne alishusha pumzi, akangoja. Sema mpya, mwanangu. Sema miaka miwili, wasikie.

Stara alipangusa kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji ya dawa ya kufulia. Alipoachika, ndugu zake walimwambia kwamba Mungu hafungi mlango bila sababu: hana mume wa kumpikia, basi ampikie mama.

“Mtakavyoamua ninyi,” alisema.

“Huyu naye! Ukimwuliza jina lake atasema tumpe tunalotaka,” alisema Sabiha. “Basi tufanye majaribio. Mama mwenyewe ataamua kwa koo lake. Pilau ipo, nyama ipo, kachumbari ipo, ndizi ipo. Tia vyote pamoja, mashine hii kikombe kimoja, na ile kikombe kimoja. Atakachokimeza bila kukohoa, hicho ndicho.”

“Kikombe cha bluu ni yangu ya hoteli,” alisema Abdulnasiri. “Chekundu ni mpya. Usichanganye.”

Akazibeba mashine mwenyewe hadi jikoni, moja moja, akarudi akijipangusa jasho. Stara akafuata na sahani ya pilau. Ilikuwa pilau ya Bi Mwanne hasa, aliyomfundisha Stara kwa mkono wake: vitunguu vikaangwe hadi viwe rangi ya kahawa, iliki ipasuliwe isitwangwe, mchele uonekane kila punje na nafsi yake. Harufu yake ilizunguka nyumba tangu asubuhi ikimfuata hadi kwenye mito. Sasa alisikia kishindo huko jikoni, mngurumo mzito wa muda mrefu, kama lori linalopanda mlima na gia ndogo, na akajua kila punje imepoteza nafsi yake.

Kilichorudi kwenye vikombe kilikuwa tope la kijivu lenye povu.

Wakasogeza viti. Ndugu wawili wakainama kulitazama koo la mama yao, karibu hivi kwamba alinusa zabibu katika pumzi zao, kama wanunuzi wa mnadani wanaomfumbua ng’ombe midomo kutafuta meno. Stara akachota kwenye kikombe cha bluu, akapangusa chini ya kijiko kwenye ukingo, akamlisha.

Tope lilikuwa laini. Mashine ya mwanawe ilikuwa nzuri, jamani. Hata uji wa ulezi haukupata kuteleza hivyo. Na hapo ndipo Bi Mwanne aliposhikwa na hofu. Kama angemeza, angekuwa ameipigia miezi sita mhuri. Alimwona Malaika wa mauti amekaa dukani kwa Abdulnasiri na karatasi ya garantii mkononi, akisoma tarehe. Mtu mzima, aliyezika mume na watoto wawili, aliyejua vizuri kwamba siku ya kufa haiandikwi na wauza pasi, alitetemeka kwa karatasi ya duka.

Akakohoa.

Alikohoa kwa ustadi, akalitoa tope likamwagikia kanga mpya. Kijiko cha pili akakohoa zaidi, macho yakajaa machozi. Cha tatu akakikataa kabisa, akakwaruza koo hadi Sabiha akapiga kelele, “Basi, basi, unamuua!”

Kikaja kikombe chekundu. Kijiko cha kwanza, akameza. Cha pili, akameza. Cha tatu akakimeza na kulamba mdomo.

“Umeona!” Sabiha alipiga makofi. “Mama kachagua mwenyewe! Alhamdulillahi, mpya!”

“Visu vyenyewe vipya!” Abdulnasiri alinung’unika, akiitazama mashine iliyokuwa jikoni kupitia mlango wazi kama mtu aliyesalitiwa na ng’ombe wake. “Haya. Miaka miwili. Naye aitumie yote basi, asitudanganye.”

Bi Mwanne aliinamisha kichwa kuficha furaha. Miaka miwili. Ramadhani mbili, misimu miwili ya mvua ikigonga bati. Alijihisi kama mwizi aliyevuka ukuta salama. Lakini furaha hiyo haikufika jioni. Haikufika hata mlangoni. Sabiha, akijifunga buibui, alimvuta Stara kando, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha mama yake, akamnong’oneza.

“Uitunze sana. Jagi usilikwaruze, na ule mfuniko uufiche usipotee. Mambo ya hapa yakiisha itakuja kwangu. Nataka kufungua kibanda cha juisi, wabunge wakija nisikose riziki. Kwani ulidhani nimeing’ang’ania mpya ya nini?”

Wakaondoka. Gari la Abdulnasiri lilitimua vumbi, na upepo wa Dodoma ukalirudisha vumbi lote ndani.

Stara akafunga dirisha. Akamvua mama yake kanga iliyochafuka, akamfunga nyingine, kuukuu, laini. Kisha akaleta lile sinia, vikombe vyote viwili bado vina chakula, akaketi kwenye kigoda mbele yake. Alikitazama kikombe cha bluu. Akakitazama chekundu.

“Mama,” alisema, bila kupaza sauti, kama mtu anavyosema na mtu. “Vikombe hivi nimevijaza kutoka jagi moja.”

Bi Mwanne alikaza macho ukutani.

“Maji yamekatika tangu mkesha wa Idd. Ndoo iliyobaki ni yako ya kuogea. Nikaona nikichafua majagi mawili nitayaoshea nini? Nikatia vyote kwenye ile ya hoteli, nikasaga mara moja, nikagawa. Mpya sijaichomeka hata kwenye umeme. Chakula ni kile kile, mama. Kimoja umekikohoa mara tatu, kingine umelamba mdomo.”

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wa madumu, yakigongana matupu.

“Tangu lini unasikia?”

Bi Mwanne angeweza kuendelea. Angeweza kulegeza mdomo, akaacha mate yashuke, na Stara angebaki na shaka maisha yake yote. Alilifikiria hilo. Lakini alikuwa amechoka ghafla, uchovu wa mtu aliyeshinda kitu ambacho kumbe si chake.

“Siku zote,” alisema. Sauti ilitoka imechakaa, yenye mikwaruzo. “Kusema… tangu mwezi wa tatu.”

Stara hakupiga kelele. Aliihesabu miezi kwa kichwa, ungeona midomo yake ikicheza: mwezi wa nne, wa tano, wa sita.

“Basi ulinisikia siku ile ya mashuka.”

“Nilikusikia.” Siku ile ya mashuka Stara alipiga goti katikati ya uchafu, akamwomba Mungu amchukue mmoja wao, yeyote, lakini leo.

“Na hukusema kitu.”

“Sikusema.”

Stara akatikisa kichwa taratibu. Akachukua kijiko, akachota, akapangusa chini yake kwenye ukingo kama ilivyo desturi yake, akakipeleka mdomoni pa mama yake, upande wa kulia, ule unaofanya kazi. Bi Mwanne akameza. Kilishuka bila kugusa popote.

“Walipokuuliza leo,” alisema mama, akivuta pumzi kati ya neno na neno, “ulisema… watakavyoamua wao.”

“Ndiyo.”

“Wao nimewasikia. Wewe… ulitaka ipi?”

Stara akachota kijiko cha pili. Hakukipeleka mara moja; alingoja koo la mama yake lipande na kushuka mara ya mwisho, kama alivyojifunza, asije akapaliwa.

“Mimi nilitaka ile ya miezi sita, mama.”